Kutoka Mkutano wa Mtaa hadi Kasma: Jinsi Jiji Linavyopanga Malengo na Kugawa Fedha Tanzania

Mwongozo huu ni wa diwani mpya, mtendaji wa mtaa au kata, na mkazi anayetaka kujua kwa nini zahanati iliyopigiwa makofi kwenye mkutano haijawahi kuonekana kwenye bajeti. Unahusu halmashauri za majiji Tanzania Bara: Dar es Salaam (iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021), Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Manispaa na halmashauri za miji hufuata njia hiyohiyo kwa sehemu kubwa.

Kabla ya yote, elewa kwamba kipaumbele cha jiji ni kile kilichopata mstari wake kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta ambao halmashauri huingizia mipango na bajeti zake, chenye jina la mahali, kiasi cha fedha na chanzo cha fedha hiyo. Kilichobaki ni maombi, hata kama meya amekitaja jukwaani.

1. Jua unazungumzia waraka upi

Nyaraka ni nne, na watu huzichanganya kila mwaka.

Mpango kabambe wa jiji hutazama miaka ishirini hivi. Wa Dodoma ni wa 2019 hadi 2039, na Arusha na Mwanza zilitengenezewa mipango ya kufikia 2035. Huu unasema ardhi itumikeje: wapi soko, wapi viwanda, wapi makazi, barabara kuu zipite wapi. Hauna fedha ndani yake, lakini una nguvu ya kuua mradi. Ukiomba shule kwenye kiwanja kilichopangwa kuwa eneo la wazi, afisa mipango miji atakurudisha nyumbani hata ukiwa na fedha mkononi.

Mpango mkakati ni wa miaka mitano. Hapa ndipo malengo ya muda mrefu yanapoandikwa, na lazima yashikane na mpango wa taifa wa miaka mitano. Mpango wa Tatu wa Taifa ulianza 2021/22 na mwaka wake wa mwisho ni 2025/26; unaofuata unaanza 2026/27 chini ya Dira ya 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025. Kwa hiyo majiji yanaandika mipango mikakati mipya, na huu ndio wakati wa kuingiza lengo jipya. Ukikosa sasa, utakaa miaka mitano ukijaribu kulibandika hitaji lako chini ya lengo lililoandikwa na mtu mwingine.

Mpango wa muda wa kati wa matumizi ni wa miaka mitatu, na mwaka wake wa kwanza ndiyo bajeti yenyewe, waraka wa nne. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Miaka miwili ya mbele ni makadirio tu, lakini usiidharau: mradi uliotajwa mwaka wa pili una mahali pa kuanzia mwakani, na aliyeutaja ana hoja.

2. Hesabu kalenda kwa kurudi nyuma

Bunge hupitisha bajeti ya Serikali mwezi Juni. Kabla ya hapo makadirio ya jiji yamepita Ofisi ya Rais TAMISEMI na Wizara ya Fedha. Kabla ya TAMISEMI, yamechambuliwa na Sekretarieti ya Mkoa na kupita kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Kabla ya mkoa, Baraza la Madiwani limeyapitisha, kwa kawaida Januari au Februari. Kabla ya baraza kuna kamati za kudumu, na kabla ya hizo kuna Timu ya Menejimenti, yaani mkurugenzi na wakuu wake wa idara.

Maana yake ni kwamba muhtasari wa mkutano wa mtaa unatakiwa uwe umefika kata Oktoba, au Novemba mapema. Mtaa unaokutana Machi kupanga vipaumbele unapanga vya mwaka mmoja na miezi minne ijayo. Hilo ndilo kosa linalozika maombi mengi, na hakuna anayepaswa kulaumiwa isipokuwa kalenda ya ukutani.

Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti wa kila mwaka hutolewa na Wizara ya Fedha mwishoni mwa mwaka wa kalenda. Usiusubiri. Vipaumbele vya mtaa vikusanywe kabla. Mwongozo ukija, idara zinapanga kilichopo mezani.

3. Andika lengo linaloweza kupimwa

Mpango mkakati huanza na tathmini ya hali ilivyo: uwezo, udhaifu, fursa na changamoto. Baadaye huja dira na dhima ya jiji. Sura hizi huandikwa vizuri sana na husomwa na wachache. Usitumie nguvu zako hapo. Nguvu ziende kwenye jedwali la malengo, shabaha na viashiria, maana PlanRep inafuata ngazi hizo: lengo, chini yake shabaha, chini yake shughuli, chini yake mahitaji yenye bei. Lengo A limetengwa kwa VVU na UKIMWI na lengo B kwa mapambano dhidi ya rushwa, kwa halmashauri zote. Yanayofuata ndiyo ya huduma za jamii, miundombinu, utawala, mazingira na mengineyo.

Shabaha mbovu husema: "Mazingira ya kujifunzia kuboreshwa ifikapo Juni 2031." Hakuna atakayekosea hapo, kwa sababu hakuna cha kukosea. Shabaha nzuri huanza na upungufu uliohesabiwa kwa viwango vya Serikali. Chukua shule ya msingi yenye wanafunzi 1,260, wasichana 640 na wavulana 620. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa, hivyo inahitaji madarasa 28. Kama yapo 15, upungufu ni 13. Matundu ya vyoo ni moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25: 32 kwa wasichana na 25 kwa wavulana, jumla 57. Dawati moja ni la wanafunzi watatu, hivyo yanahitajika 420. Fanya hivyo kwa kila shule ya kata, jumlisha, kisha andika: "Upungufu wa madarasa katika kata kupunguzwa kutoka 46 hadi 20 ifikapo Juni 2031." Diwani mwenye sentensi hiyo mkononi hashindwi kirahisi kwenye kamati.

4. Mkutano wa mtaa: kuchagua, siyo kuorodhesha

Utaratibu unaotumika unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na toleo lake lililoboreshwa linasisitiza jitihada za jamii: wananchi waanze, halmashauri iongeze. Kwa vitendo, mkutano ukiachwa ujiendee, utatoa orodha ya mambo kumi na nne na kila jambo litakuwa "la kwanza". Orodha ya namna hiyo ikifika kata, mtu mwingine atakuchagulia.

Tumia kulinganisha mawili mawili. Andika hoja sita kwenye bango, siyo zaidi. Kila hoja ishindanishwe na kila nyingine kwa kunyoosha mikono: hoja sita ni mashindano 15, na kwa mwenyekiti anayejua kukata maneno yanamalizika ndani ya saa moja. Iliyoshinda mara nyingi ndiyo ya kwanza. Hesabu mikono ya wanawake na ya vijana peke yake pia. Mara nyingi wanaume wazima huipeleka juu ofisi ya mtaa, na kinamama huipeleka juu zahanati au kizimba cha taka. Tofauti hiyo iandikwe kwenye muhtasari.

Kwa kila hoja tatu za juu, muhtasari uwe na mambo haya: mahali hasa na nani anamiliki ardhi hiyo, wanaonufaika ni wangapi na wanatoka wapi, wananchi wamefanya nini tayari (msingi, tofali, mchanga, fedha) na thamani yake, makadirio ya awali, na nani ataendesha jengo likiisha. Sahihi za mwenyekiti na mtendaji, orodha ya mahudhurio iambatishwe. Muhtasari usio na mahudhurio hukataliwa, na sababu hiyo ni halali kabisa.

Ardhi ndiyo inayoua miradi mizuri zaidi. "Mzee ametoa eneo" si hati. Mzee akifariki, watoto wanarudi na ramani yao. Kabla ya kupeleka jambo kata, pata barua ya makubaliano iliyoshuhudiwa, kisha omba wapimaji wa jiji wapime na eneo liandikwe kwa jina la halmashauri.

5. Kata: peleka kila ombi kwa mwenye nalo

Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kazi yake hapa ni kupanga vipaumbele vya mitaa yote na, jambo linalosahaulika, kuvitenganisha kwa mwenye mamlaka.

Wakazi wakiulizwa wanataka nini, hujibu barabara na maji. Tangu Julai 2017 barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, siyo na halmashauri. Maji yako kwa mamlaka za maji, kama DAWASA kwa Dar es Salaam na DUWASA kwa Dodoma. Umeme ni TANESCO. Ombi la mtaro wa barabara likipelekwa kwenye bajeti ya jiji litazunguka miezi mitatu na kurudi na maneno "liwasilishwe TARURA", na kufikia hapo TARURA nao wameshafunga bajeti yao. Kwa hiyo kata itengeneze mafungu mawili. La jiji: madarasa, vyoo vya shule, zahanati, vituo vya afya, masoko, machinjio, taka, maeneo ya wafanyabiashara wadogo, upimaji viwanja. La taasisi nyingine: barua kwa kila meneja, nakala kwa mkurugenzi, wiki hiyohiyo.

Kuna pia Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Fedha zake si nyingi, lakini zinafaa kwa kazi ndogo iliyoanzishwa na wananchi: bati za boma (jengo lisiloisha) lililofika lenta, kwa mfano.

6. Fedha: ondoa vilivyokwisha liwa kwanza

Fedha za jiji zinatoka kwenye mapato ya ndani (leseni, ushuru wa huduma, ada za masoko na maegesho ya mabasi, mauzo ya viwanja na mengine), ruzuku ya Serikali Kuu, na miradi ya wafadhili kama TACTIC, mradi wa miundombinu ya miji unaogusa miji 45 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ruzuku na miradi huja na masharti yake. Huwezi kuhamisha fedha ya mradi wa stendi ukajenge zahanati. Kodi ya majengo wengi hudhani inapangiwa bei na jiji, lakini tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia umeme wa LUKU, na jiji halina usemi juu ya kiwango chake. Uwanja halisi wa madiwani ni mapato ya ndani, na hata huo ni mdogo kuliko unavyosikika.

Tuchukue jiji la mfano, lenye kata 30 na makadirio ya mapato ya ndani ya shilingi bilioni 20. Kwanza toa mapato lindwa, yaani yale yanayorudi kwenye kituo kilichoyakusanya, kama uchangiaji wa huduma za afya hospitalini. Tuseme ni bilioni 2. Yanabaki bilioni 18. Miongozo ya bajeti hutaka sehemu ya hizi iende kwenye miradi ya maendeleo. Kiwango hutegemea ukubwa wa mapato ya halmashauri, na 40 na 60 kwa mia ndivyo vilivyozoeleka, hivyo soma mwongozo wa mwaka husika. Kwa asilimia 60 tunapata bilioni 10.8.

Ndani yake toa asilimia 10 ya ile bilioni 18, yaani bilioni 1.8, kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hili ni takwa la kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na baraza haliwezi kulipigia kura. (Utoaji ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, lakini wajibu wa kutenga haukuondoka.) Zimebaki bilioni 9. Sasa toa miradi viporo (iliyoanza bila kuisha) na madeni ya wakandarasi, tuseme bilioni 4.1, na fidia ya ardhi bilioni 0.7. Kilichobaki kwa miradi mipya ni bilioni 4.2. Hiyo ndiyo fedha ambayo mkutano mzima wa bajeti unagombania.

Ukigawa sawa kwa sawa, kila kata inapata milioni 140. Mwaka 2021, madarasa ya fedha za UVIKO-19 yalipangiwa milioni 20 kila moja. Bei za saruji na nondo hazikusimama tangu hapo. Milioni 140 inajenga madarasa machache, na haijengi kituo cha afya.

Sasa angalia kinachotokea makusanyo yakifika asilimia 85 tu, jambo la kawaida. Jumla ni bilioni 17, lindwa bado 2, zinabaki 15. Asilimia 60 ni bilioni 9, toa mikopo 1.5, zinabaki 7.5. Viporo, madeni na fidia havipungui: bado ni 4.8. Miradi mipya imebaki na bilioni 2.7, yaani milioni 90 kwa kata. Mapato yamepungua asilimia 15, miradi mipya imepungua karibu asilimia 36. Ndiyo maana makadirio ya mapato yaliyopulizwa ili baraza lifurahi Februari huzaa maboma Desemba. Diwani aombe makusanyo halisi ya miaka mitatu, chanzo kwa chanzo, na aulize kila chanzo kilichopandishwa zaidi ya mwenendo wake kimepandishwa kwa sababu gani.

7. Kuchagua: mgawo sawa au zamu

Mgawo sawa kwa kata una faida moja: madiwani wanatoka ukumbini wakicheka. Hasara yake ni jengo lisiloisha kila kata. Tunapendekeza njia ya kati: nusu ya fedha igawanywe kwa kata kwa ajili ya ukamilishaji wa maboma tu, nusu iende kwa miradi mikubwa michache kwa zamu iliyoandikwa kwenye mpango wa miaka mitatu, ili kata isiyopata mwaka huu ijue mwaka wake.

Kwa miradi mikubwa tumia alama, na vigezo vipitishwe kabla majina ya miradi hayajawekwa mezani. Mgawanyo unaofaa: upungufu dhidi ya viwango, alama 30; kazi iliyokwishaanza, 30; ardhi iliyopimwa na kumilikishwa, 15; uhakika wa watumishi na fedha za uendeshaji, 15; jitihada za wananchi, 10. Usiruhusu kigezo cha "umuhimu kwa jamii". Kila mradi ni muhimu kwa jamii, na hapo ndipo upendeleo hupata mlango.

Alama za uendeshaji zisichukuliwe kirahisi. Zahanati bila muuguzi na dawa ni nyumba ya popo, na kibali cha ajira hakitoki jiji. Mganga mkuu wa jiji aseme kwa maandishi watumishi watatoka kituo gani.

Miradi ya kuongeza mapato, kama masoko na stendi, ipimwe peke yake. Dodoma ilijenga soko kuu na kituo cha mabasi Nzuguni, na majiji mengine yana ndoto kama hizo. Andiko la mradi wa namna hiyo lioneshe kodi ya kizimba, idadi ya vizimba vinavyotarajiwa kujaa mwaka wa kwanza (usiweke vyote), umeme, ulinzi, usafi, na daladala zitafikaje. Wafanyabiashara hufuata wateja. Soko zuri lililo mbali na njia ya daladala hubaki na walinzi.

8. Kuingiza kwenye PlanRep, na maneno ya kuogopa

Ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha kinachoruhusiwa, ukitoka, maafisa mipango na bajeti wa idara huingiza shughuli kwenye mfumo. Hapa miradi hupotea kimyakimya. Diwani aombe chapisho la kata yake na asome mstari kwa mstari. Maneno ya kuogopa ni "ujenzi wa miundombinu ya elimu katika kata mbalimbali". Mstari usio na jina la shule unaweza kwenda shule yoyote. Unatakiwa usomeke: kukamilisha madarasa mawili, shule fulani, kata fulani, ifikapo Juni mwaka fulani, shilingi kadhaa, chanzo mapato ya ndani.

Angalia pia kasma, yaani kifungu cha bajeti ambacho matumizi yamewekwa. Kazi ya ukarabati ikiwekwa kwenye kasma ya ujenzi mpya, malipo yatakwama kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, na kuirekebisha ni uhamisho wa fedha wenye ngazi zake za idhini.

9. Kamati na baraza

Ukitaka kubadili kitu, badili kwenye kamati ya kudumu. Baraza kamili ni mahali pa kuthibitisha. Meya hana muda wa kuchambua mstari mmoja mmoja siku hiyo. Anayependekeza kuongeza mradi aje na mstari wa kupunguza, kwa sababu ukomo haunyooki. Posho, safari na mafuta ndiko pa kuanzia kutafuta, ingawa hakuna atakayekushukuru.

10. Baada ya Julai

Bajeti iliyopita ni ruhusa ya kutumia; fedha bado hazijakusanywa. Mwezi wa kwanza dai vitu viwili: mpango wa manunuzi uliokwisha kuwekwa kwenye NeST (mfumo wa manunuzi wa Serikali), na mtiririko wa fedha unaoonesha mradi wako umepangwa robo ipi. Mradi uliopangwa robo ya nne kwa mapato ya ndani uko hatarini tangu siku ya kwanza. Kwa kazi zinazofanywa kwa mafundi wa kawaida, kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ziundwe mapema, na zisiwe watu walewale.

Taarifa ya robo ikija, linganisha fedha zilizopokelewa na kazi iliyofanyika, siyo asilimia ya utekelezaji iliyoandikwa na idara. Ukiona "asilimia 70" na boma halina bati, nenda na picha. Na mradi ambao hadi Januari haujatangazwa, uombee nafasi kwenye orodha ya viporo ya mwaka unaofuata papo hapo, kabla kamati hazijakaa na PlanRep haijafungwa.